Wote Walisema kwa Sauti ya Tuwo

Fundi wa wilaya alimpachika Iraya kidudu nyuma ya sikio la kulia, akakibonyeza kwa kidole gumba mpaka kikanata. Kilikuwa kidogo kama punje ya hindi, na baridi. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akampa ishara Mwalimu Subilaga aseme kitu.

Mwalimu alikuwa amezungumza na Iraya tangu asubuhi, na Iraya hakuwa ameambulia hata neno. Kiswahili kwake kilikuwa kelele tu. Kinyakyusa walichozungumza watoto uwanjani kilikuwa kelele nyingine. Basi alimtazama mwanamke yule mrefu mwenye sweta la kijani akifungua mdomo, akasubiri kelele.

"Karibu, Iraya. Unanisikia sasa?"

Iraya aligeuka haraka hadi kiti kikaanguka. Nyuma yake palikuwa na kabati la ramani, na dirisha lililojaa ukungu. Hapakuwa na mtu.

"Iraya? Usiogope. Unanisikia?"

Midomo ilikuwa ya mwalimu. Sauti ilikuwa ya Tuwo, kaka yake, yenye mkwaruzo kidogo na ile tabia ya kuvuta neno la mwisho kana kwamba hataki kuliachia. Tuwo aliyekufa kwa homa mwaka uliopita, njiani, malori yalipokuwa yakiwahamisha Wahele, watu wao, kutoka kwenye ziwa lililokauka. Walimzika kando ya barabara kwenye mchanga mwekundu, dereva akipiga honi kuwahimiza.

Machozi yalimtoka bila kwikwi.

"Wengi hulia siku ya kwanza," mwalimu alimwambia fundi, akiokota kiti. "Ni furaha ya kuelewa." Na hilo nalo Tuwo akalisema.

*

Hakuna aliyemweleza. Wakati ule watu walikuwa wamekwisha kuvizoea vidudu vya kutafsiri kama walivyozoea viatu. Mchina na Mnyakyusa walipatana bei sokoni kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyehangaika tena kumfundisha mwenzake hata namna ya kuomba maji. Lugha kubwa zilikuwa zimekusanyiwa sauti za maelfu ya watu, zikachanganywa na kusagwa hadi ikabaki sauti laini isiyo ya mtu yeyote. Kwa lugha ndogo walitumia walichopata.

Kwa Kihele walikuwa wamempata Tuwo. Iraya aliwakumbuka wale wageni wenye vinasa sauti waliokuja ziwani wakitafuta mtu wa kuzungumza. Watu wazima walikuwa na chumvi ya kuchimba. Tuwo alikuwa na miaka kumi na mmoja na mdomo usiochoka. Alikataa tu kuzungumza na mashine. "Nitazungumza na mdogo wangu," alisema. Kiangazi kizima Iraya alikaa mbele yake kwenye magadi, naye akamsimulia kila kilichopita: heroe wanaotua, punda wa baba mdogo, ndoto alizoota na alizozitunga.

Haya yote Iraya aliyajua, lakini hakuyaunganisha, au hakutaka kuyaunganisha. Aliwaza alichowaza mtoto yeyote ambaye angekuwa mahali pake. Tuwo ameipata njia ya kurudi.

Wiki ya kwanza aliogopa kila mdomo uliofunguka. Mpishi alimwuliza kama anataka kande zaidi, na aliyeuliza alikuwa Tuwo. Wasichana waliokuwa wakicheza rede walirushiana mpira, na Tuwo akawa anajipigia kelele mwenyewe kutoka pande zote za uwanja. Mwalimu mkuu aliwasomea matangazo mstarini, na Tuwo akatangaza kwamba kucha zitakaguliwa Ijumaa. Iraya aliziba masikio, lakini kidudu hakikupitia sikioni. Kilisema ndani ya mfupa.

Halafu, bila kujua ni lini, akaanza kukimbilia shule.

Alianza kuwauliza watu maswali ambayo majibu yake hayakumhusu. Alimwuliza mlinzi mbwa wake anaitwa nani. Alimwuliza mwalimu maana ya desimali mara tatu. Jioni mlango wa darasa ulipofungwa alibaki barazani mpaka afukuzwe, kisha akateremka hadi kambi ya wachuma chai, kwenye chumba walichopewa yeye na mama yake.

Mama yake alikuwa amekataa kidudu. "Sina ninachotaka kusikia huku," alimwambia fundi wa kambi, na hilo likawa neno lake la mwisho kwa wageni. Alichuma chai kimya, alipika kimya. Mikono yake iliyokuwa na nyufa za chumvi sasa ilikuwa na weusi wa majani. Kila jioni Iraya alikaa mbele yake akiwa na jambo hilo moja mdomoni, na kila jioni alilimeza. Mama hakuwa amelitamka jina la Tuwo tangu siku ile ya mchanga mwekundu. Na, ukweli mwingine, Iraya hakutaka kugawana. Kule ziwani kila kitu chao kilibaki. Hiki kilikuwa chake.

*

Aliyepangwa kukaa naye dawati moja alikuwa Tusekile, msichana mwembamba mwenye pengo la jino la mbele, ambaye hakuna mtu aliyetaka kukaa naye kwa sababu hanyamazi. Alieleza kuku wa bibi yake, akaeleza ugomvi wa shangazi zake wawili juu ya shamba la migomba, akaeleza filamu ambayo hakuwa ameiona ila kasimuliwa. Wenzake wengine walikuwa wakimfinya anyamaze.

Iraya alimsikiliza. Aliweka kidevu juu ya dawati, akafumba macho na kusikiliza mpaka kengele ikalia.

Tusekile hakuwa amewahi kusikilizwa namna ile na mtu yeyote. Siku ya tatu alimletea nusu ya parachichi. Ya nne akamfundisha kuruka kamba. Walianza kurudi pamoja, kwa kuwa kwao Tusekile kulikuwa juu kidogo ya kambi, na njiani Tusekile akaanzisha mchezo ambao wenzake waliuona wa kipuuzi. Alibandua kidudu chake, akakitia mfukoni.

"Sema kitu," alimwambia Iraya. "Nataka kusikia yako mwenyewe. Humu unasema kama redio."

Iraya akaonyesha mawe, moto, mguu, akayataja kwa Kihele. Tusekile aliyarudia vibaya, akacheka, akayarudia tena. Kisha akamlipa kwa Kiswahili, akirudia kila neno mpaka Iraya alishike chini ya sauti ya kidudu: njoo, rudi, sema, uongo, kweli. Iraya aliyajaribu maneno hayo ulimini kama mtu anayeonja dawa.

"Na wewe toa chako," Tusekile alisema.

Iraya alifunika sikio kwa kiganja. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Hapana tu."

Tusekile alikirudisha chake nyuma ya sikio. "Na kwa nini unafumba macho ninapoongea? Nina sura mbaya?"

"Hapana. Nasikia vizuri zaidi hivyo."

Jibu hilo lilimtosha Tusekile, na Iraya aliona lilivyomfurahisha, na akaona haya.

Mvua za masika zilipoanza, kidudu nacho kikaanza mambo yake. Mvua ilipopiga bati la darasa kwa nguvu, maneno ya mwalimu yalikifikia yakiwa vipande, na kidudu hakikuweza kunyamaza. Kilijaza mapengo. Kilijaza kwa kile pekee kilichokuwa nacho.

"Iraya, umelala?" kilisema, mwalimu akiwa ameelekea ubaoni. "Usilale, Iraya. Sijamaliza."

Aliinua kichwa. Hakuna mtoto mwingine aliyegeuka.

"Iraya, yule punda ananitazama vibaya. Mtazame."

Aliinama chini ya dawati akicheka na kulia kwa pamoja. Tangu siku ile alipenda mvua. Usiku aliomba inyeshe. Baada ya miezi michache angetimiza miaka kumi na mmoja, umri wa Tuwo aliyekuwa ndani ya kidudu, na baada ya hapo angekuwa dada mkubwa wa kaka yake. Hilo lilimtisha kuliko kaburi.

*

Njia ya mkato kati ya shule na kambi ilipita juu ya mto, kwenye magogo mawili yaliyofungwa pamoja kwa waya. Walimu walikuwa wameikataza wakati wa mvua. Siku moja Iraya ndiye aliyeishika, kwa kuwa juu mlimani kulikuwa kukinguruma, naye alijua mto ukijaa utapiga kelele kubwa kuliko bati. Tusekile alimfuata akilalamika kwamba watatandikwa.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi. Iraya alikuwa amekwisha kukanyaga gogo la kwanza Tusekile alipoona waya wa upande wa pili ukiwa umekatika, unaning'inia.

"Rudi!" Tusekile alipiga kelele. "Iraya, rudi! Magogo yameachia!"

Mto uliunguruma. Ndani ya mfupa wa Iraya, sauti ikasema, taratibu, karibu kabisa:

"Njoo, Iraya. Njoo. Usiogope, nipo hapa."

Akaenda. Hakuwa na woga hata chembe. Aliinua mikono kidogo kama mtu anayemwendea mwenzake, akapiga hatua, na gogo likabingirika.

Alichokumbuka baadaye ni maji puani, na baridi iliyofika mpaka kwenye meno, na mkono uliomkamata ukosi wa sweta ukakataa kuachia. Tusekile alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, miguu ameipachika kwenye mzizi, akivuta huku akipiga mayowe. Waya uliokatika ulikuwa umempasua mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Hakuuangalia mpaka Iraya alipokuwa juu ya nyasi, anatapika maji.

*

Kesho yake waliitwa ofisini. Mkono wa Tusekile ulikuwa umefungwa bandeji. Mwalimu Subilaga hakuwa amelala vizuri, ilionekana.

"Iraya, niambie. Mlipofika mtoni, Tusekile alikuambia nini?"

Kulikuwa na njia ya kusema. Iraya aliiona wazi, na aliona ilikoishia: fundi angeitwa, kidudu kingefunguliwa, na wangemtoa Tuwo humo kama wanavyotoa jiwe kwenye mchele.

"Alisema njoo," alijibu.

Ilikuwa kweli, ingawa kweli ya namna yake. Ndicho alichosikia.

Tusekile aliruka kutoka ukutani. "Mimi? Mimi nilisema rudi! Nilipiga kelele rudi!"

Na ndani ya mfupa wa Iraya, Tuwo akasema: "Nilisema rudi! Nilipiga kelele rudi!"

Iraya alitazama vidole vyake. Mwalimu akaamua. Tusekile alijua njia ile imekatazwa, na ni mwenyeji. Angehamia mkondo wa pili, na asionekane tena akiongozana na mgeni.

Tusekile hakubisha. Alipopita mlangoni alisimama mbele ya Iraya, akampima kwa macho kutoka utosini hadi miguuni, akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amenyamaza.

Dawati likawa pana. Iraya aliendelea kusikia sauti aliyoitaka, kwa mwalimu, kwa viranja, kwa yeyote, lakini ilikuwa imebadilika, au masikio yake ndiyo yaliyobadilika. Ilipomwambia afungue ukurasa, aliisikia ikisema nilipiga kelele rudi. Tuwo wa kweli, yule wa magadi, hakuwa amewahi kumwita aingie majini. Tuwo wa kweli alimshika mkono hata kwenye madimbwi ya kifundo. Hiki kitu kilikuwa na maneno yake yote, na hakikujua maana ya hata moja.

Kilichomzindua hasa kilikuwa kumkumbuka Peyo. Peyo alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, mwenye miaka sita, aliyepelekwa na wazazi wake kwenye mji mwingine, ambako shule ilikuwa kando ya barabara kuu. Peyo naye alikuwa amepachikwa kidudu. Iraya alimwona akilini amesimama ukingoni mwa lami, malori yakipita, mtu akimpigia kelele asubiri. Aliwaza Tuwo angemwambia nini.

Saa ya mapumziko aliingia ofisini bila kubisha hodi. Alibandua kidudu. Nyuma ya sikio ngozi ilibaki na ubaridi. Alikiweka mezani, mbele ya kikombe cha mwalimu. Angeweza kusema kwa Kihele, na kidudu cha mwalimu kingetafsiri, lakini hakutaka kitu chochote kiyaguse maneno haya kabla hayajafika.

"Tusekile," alisema kwa Kiswahili. "Tusekile sema rudi. Kweli. Hii," akakigusa kidudu, "hii sema njoo. Mimi... mimi uongo."

Mwalimu Subilaga aliweka kalamu chini. Alifungua mdomo, akasema jambo refu, na jambo hilo lilikuwa kelele tu, lakini alikuwa amekwisha kumshika Iraya mabega yote mawili.

*

Fundi wa wilaya alikuja na mashine yake, akakaa nayo ofisini hadi mchana. Alipotoka alikuwa amekunja uso.

"Kikikosa maneno kinaazima kwenye kumbukumbu," alimweleza mwalimu. "Lugha yenye watu wengi, kikiazima hapa na pale haionekani. Hii ina mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe alikuwa anaongea na mtu mmoja." Alimtazama Iraya. "Hakitengenezeki. Inabidi Kihele kizimwe kwa watoto wote wanaokitumia, mpaka tupate watu wengine wa kurekodi. Inaweza kuchukua mwaka."

"Na mwaka huo watasomaje?"

"Kama zamani, mwalimu. Mtawafundisha kwa mdomo."

Lakini sauti ilikuwa ya marehemu, na sheria ilitaka mzazi aambiwe kabla haijazimwa. Basi jioni waliteremka kambini, mwalimu, fundi na Iraya. Tusekile naye aliitwa, kwa kuwa mwalimu alitaka Iraya amwombe radhi mbele ya watu. Alitembea mbali na Iraya, upande wa pili wa njia.

Mama alikuwa akiosha sufuria mlangoni. Mwalimu alimsalimu kwa heshima. "Mama Iraya, tumekuja na jambo." Iraya alikuwa amepachikwa tena kidudu ili amfikishie mama maneno, na alipolifikisha hilo mama alitikisa kichwa.

"Mwambie mimi ni Mama Tuwo."

Ndipo ikambidi Iraya aseme. Alisema yote, amesimama, tangu kabati la ramani hadi mto. Mama alimsikiliza akiwa ameshika sufuria. Hakulia. Alipozungumza, alizungumza polepole.

"Tangu mvua hazijaanza. Ulikuwa naye tangu mvua hazijaanza, na ukija hapa unakula ugali wangu, unalala."

"Mama, niliogopa uta..."

"Nipe."

Fundi alianza kueleza kwamba si lazima, kwamba wengine huumia zaidi. Hakuna aliyemtafsiria. Iraya alibandua kidudu, akakipachika nyuma ya sikio la mama yake kwa mkono wake mwenyewe, kwenye nywele zilizokuwa zimeanza mvi. Sasa hakumwelewa tena yeyote ila mama.

Mama alisubiri, macho yamekaza. Kidudu hakisemi mpaka mtu aseme. Aliwatazama mwalimu na fundi, watu wazima wawili, akawaacha. Macho yake yakatua kwa Tusekile.

"Mwenye umri wa mwanangu," alisema. "Mwambie huyu aseme. Aseme, mama, sikuumia. Aseme nilifika salama."

Tusekile alikuwa na kidudu chake, alisikia. Uso ulimbadilika. Alimgeukia Iraya, na kwa mara ya kwanza tangu ofisini alimtazama bila hasira, alimtazama kumwuliza afanye nini. Iraya angeweza kutikisa kichwa kukataa, au kukiinamisha kukubali. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Nani angedhurika? Mama angelala.

Iraya hakufanya lolote. Hakujua. Lilikuwa jambo kubwa kuliko wote wawili, na alimwachia mwenzake alibebe peke yake, na alijua anamwachia.

Tusekile alisogea mpaka mbele ya mama. Akapiga goti kidogo, kama wasichana wa kwao wanavyofanya mbele ya wakubwa.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi si Tuwo. Mimi ni Tusekile."

Iraya aliisikia sauti yake. Ilikuwa nyembamba, yenye upepo kidogo palipokuwa na pengo, ikipanda na kushuka kama vilima vya kwao, na haikufanana na ya mtu mwingine yeyote. Walikaa dawati moja muda wote ule, na alikuwa hajapata kuisikiliza. Hakuelewa yote, lakini majina mawili aliyaelewa, na lile neno dogo katikati.

Mama alikuwa amesikia kitu kingine. Alikuwa amemsikia mwanawe, kwa mkwaruzo ule, akimwamkia na kumwambia kwamba yeye siye. Sufuria ilimteleza, ikagonga jiwe, ikabingirika hadi kwenye mfereji. Aliinama mbele kana kwamba amepigwa tumboni, na sauti iliyomtoka haikuwa ya lugha yoyote. Mwalimu alipiga hatua. Fundi akamshika mkono.

Ilichukua muda. Giza lilikuwa limeanza kuingia kwenye mashamba ya chai mama alipoketi wima, akakibandua kidudu na kukiweka kiganjani mwa fundi.

"Kizimeni," alisema. Fundi alielewa. Alikibonyeza mara mbili, na taa yake ndogo ikafa.

Tusekile alikuwa bado amepiga goti, analia kimyakimya, hajui kama amefanya vema au vibaya. Mama alimshika mkono ule wenye bandeji, akauweka juu ya paja lake kwa uangalifu.

"Iraya," alisema. "Mwambie aseme tena."

"Kimezimwa, mama. Hutaelewa kitu."

"Najua. Mwambie aseme tena."

Iraya akatafuta neno la Kiswahili. "Sema," alimwambia rafiki yake.

Tusekile akajifuta pua kwa mkono mzima, akalitaja tena jina lake, taratibu, na mama akainama karibu na mdomo wake ili alisikie.